Mti wa Krismasi Nyumbani: Mwongozo Kamili, Tangu Kuuingiza Hadi Kuutoa

Wahenga walishatuwekea kanuni ya mgeni: siku mbili mkirimu, ya tatu mpe jembe. Mti wa Krismasi ni mgeni wa aina hiyo hiyo, tena mwenye makuu. Anataka kona nzuri ya sebule, anataka maji, anataka umeme, watoto wanamzunguka, paka anamvizia, na akishazoea haagi. Nimewahi kukaribishwa nyumba moja katikati ya Kwaresima nikaukuta mti bado umesimama kando ya televisheni, vumbi limelala juu ya mipira, nusu ya taa zimekufa, na wenyeji wala hawauoni tena.

Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wengi hulifikiria mwisho: siku ya kuutoa. Ukishaijua siku hiyo, aina ya mti, ukubwa wake na hata bei utakayokubali kulipa vinajipanga vyenyewe. Mimi nakaa Dar es Salaam, ila kazi hii nilifundishwa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mti haununuliwi. Unakatwa kwenye uzio wa babu. Nitachanganya hali za sehemu hizo mbili, maana joto la pwani na ubaridi wa mlimani vinautendea mti mambo tofauti kabisa.

Kwanza: zungushia tarehe mbili kwenye kalenda

Kwa mti wa plastiki, siku ya kuingia ni uamuzi wako. Wanaofuata kalenda ya kanisa wengi huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mti uliokatwa hauna uhuru huo. Tangu saa ulipotenganishwa na mizizi unakufa polepole, na kazi yako ni kuuchelewesha tu. Kwa uzoefu wangu, msaipresi uliosimamishwa ndani ya ndoo ya maji hukaa vizuri wiki mbili kule juu mlimani. Dar, ndani ya nyumba ya bati yenye feni inayozunguka mchana kutwa, siku ya nane au ya kumi majani yameanza kupukutika. Basi mti wa Dar usiulete kabla ya tarehe 18 Desemba. Kuchelewa si aibu: Wajerumani, ambao desturi hii ilitokea kwao, kwa kawaida waliupamba mti jioni ya tarehe 24, na wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walitoka katika desturi hiyo hiyo.

Siku ya kutoka, kwa wengi, ni tarehe 6 Januari, Epifania. Wakatoliki husogea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, siku chache baadaye. Na mzazi ana mpaka wake mwingine, wiki ambayo shule zinafunguliwa: sebule yenye mti haina pa kupanga madaftari, sare na risiti za ada.

Pili: mti upi?

Kuna njia nne, na sitazipa uzito sawa.

Mti wa plastiki ndio unaouzwa zaidi, kuanzia Kariakoo hadi Kamukunji kule Nairobi. Faida yake ni kwamba unalipa mara moja. Hasara yake ni kwamba faida hiyo haipo kama unautupa baada ya miaka miwili, na wengi tunautupa kwa sababu tuliununua kwa haraka tarehe 23. Dukani fanya mambo matatu. Uvute kidogo sindano za tawi moja kati ya vidole. Zikitoka tano au sita kwa mvuto mmoja, uache. Uukunjue mguu wa chini. Mguu wa chuma wenye nyayo nne ni bora kuliko wa plastiki wenye tatu. Uunuse; ukikuwasha pua pale dukani, nyumbani utakuwasha zaidi. Kama umerithi mti wa plastiki wa miaka mingi na sindano zake zinageuka unga, usiwape watoto kazi ya kuukunjua: baadhi ya plastiki za zamani ziliimarishwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake si la kulamba. Unawe mikono ukimaliza.

Mti uliokatwa, kwa huku kwetu, ni msaipresi nyanda za juu na mvinje pwani. Sitaficha upendeleo wangu: harufu ya msaipresi uliokatwa asubuhi hiyo ndiyo Krismasi yenyewe. Mvinje una sura nyepesi, kama nywele zilizochanwa, na matawi yake hayabebi mipira mizito. Ukiuchagua, upambe kwa karatasi na utepe.

Mti wa kwenye chungu ni njia ya tatu. Vitalu vingi vya Arusha, Moshi na Nairobi huuza araukaria ndogo, ile yenye matawi yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa kama ngazi, na misaipresi michanga pia. Huu unaingia ndani ukiwa hai na unatoka ukiwa hai, kwa sharti kwamba usiuweke gizani zaidi ya siku kumi hivi wala usiutundike vitu vizito.

Njia ya nne ni kutokuwa na mti kabisa. Tawi moja kubwa kwenye mtungi, nyota ya karatasi dirishani, au tao la migomba na makuti mlangoni, lile lile tunalolijenga kwa harusi na ujio wa askofu. Pwani, mkrismasi wenyewe, ule mti mkubwa wa barabarani wenye maua mekundu, huwa umechanua kipindi hicho hicho bila kumdai mtu chochote. Nyumba ya chumba kimoja na sebule yenye watoto watatu haina deni la kuweka mti wa futi sita kwa sababu jirani kaweka.

Kuhusu ukubwa, pima kabla ya kwenda sokoni. Chukua urefu kutoka sakafuni hadi dari, toa sentimita 30 za nyota na nafasi ya juu, kisha toa kimo cha mguu au ndoo. Kinachobaki ndicho mti wako. Halafu pima upana, kwa sababu upana ndio unaotuumbua. Mti wa futi sita huwa na kipenyo cha karibu futi tatu na zaidi pale chini. Weka sufuria kubwa sakafuni mahali hapo, pita na sinia ya chai, uone kama utafika kwenye kochi.

Tatu: kuukata bila kuharibu uzio

Kukata mti msituni bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya vilevile, na sikukuu haifuti kosa. Nunua kwa mwenye shamba lake au pogoa wa kwako.

Uzio wa misaipresi unapogolewa kila mwaka hata hivyo, kwa hiyo mti wa Krismasi unaweza kuwa mapogoleo tu. Chagua kilele au tawi nene lenye umbo la pembetatu. Hapa kuna siri ambayo babu alikuwa akiirudia kila Desemba: msaipresi hauchipui kutoka kwenye mti mkavu wa kahawia. Ukikata kupita sehemu yenye majani ya kijani, hapo pana tundu la kudumu, na ng'ombe wa jirani atalijua kabla yako. Kata pale ambapo chini ya mkato bado kuna vitawi vyenye majani mabichi.

Kata asubuhi na mapema, umande ukiwa bado upo. Ukiusafirisha kwa pikipiki au juu ya gari, elekeza shina mbele na kilele nyuma, uzungushie gunia, usiache upepo uukaushe kutoka Marangu hadi mjini. Ukinunua barabarani, pinda kitawi kimoja. Kikipindika na kurudi, mti una maji; kikilia "kah!" na kukatika, huo umekaa pale siku nyingi, na muuzaji kaumwagia maji juu ili ung'ae.

Nne: ndoo, mawe na maji

Hapa ndipo miti mingi inapofia, kwa hiyo twende taratibu.

Ukifika nyumbani, kata tena chini ya shina, sentimita mbili au tatu, mkato ulionyooka. Utomvu huziba jeraha la kwanza ndani ya saa chache na mti ulioziba haunywi. Dakika hiyo hiyo utumbukize kwenye maji.

Desturi yetu ni ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa mchanga. Inasimamisha mti vizuri, lakini mchanga unashika nafasi ya maji, na kwa kuwa huoni ndani unadhani yapo. Tumia mawe ya ukubwa wa ngumi. Simamisha shina katikati, panga mawe makubwa chini na kuzunguka, jaza madogo kwenye mianya, kisha mwagia maji hadi yafunike angalau sentimita kumi za shina. Utikise mti, ukiyumba, ongeza mawe. Kama nyumba ina mtoto anayejifunza kusimama, funga pia kamba nyembamba kutoka katikati ya shina hadi kwenye kitasa cha dirisha au ndoano ya ukutani. Mtoto wa mwaka mmoja akishika tawi la chini hashiki kwa utani.

Mti wenye shina la sentimita saba au nane unaweza kunywa lita tatu kwa siku, na siku ya kwanza zaidi. Angalia maji asubuhi na usiku. Yakishuka chini ya mkato hata kwa nusu siku, shina linaziba tena na itabidi ukate upya, jambo ambalo hutalifanya mti ukiwa umeshapambwa. Watu hutia sukari, soda, aspirini, hata chumvi. Acha. Maji matupu yanatosha.

Jambo moja ambalo miongozo ya nchi za baridi hailisemi, kwa kuwa halitokei kwao: ndoo ya maji yaliyotuama ndani ya nyumba yenye joto ni kitalu cha mbu. Yule mbu mwenye madoadoa meupe anayeeneza dengi hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na kwenye joto la kwetu wiki moja hivi inatosha mayai kuwa mbu. Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, kwa hiyo si hadithi. Funika mdomo wa ndoo kwa kipande cha khanga, ukizungushie shina na kukibana kwa mpira. Khanga hiyo inapamba pia; huhitaji kununua kile kitambaa chekundu cha chini ya mti. Kila siku ya nne yavute maji ya zamani kwa kikombe au mpira, sugua ukuta wa ndoo, ujaze mapya.

Tano: mahali pa kuusimamisha

Mbali na jua la dirisha la magharibi, mbali na upepo wa feni, mbali na jiko la mkaa, na usizibe mlango. Nyumba nyingi zetu zina mlango mmoja wa kutokea sebuleni na nondo kwenye madirisha yote. Mti ukiwaka moto ukiwa kati ya watu na mlango huo, hakuna njia nyingine. Hili ndilo la kuamua kwanza. Uzuri wa picha ufuate. Weka pia mita moja kati ya matawi na pazia.

Sita: taa

Wazee wa Ulaya waliwasha mishumaa kwenye matawi. Mwaka 1882, New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake kwa balbu za umeme, na mishumaa ikaanza kustaafu. Iache istaafu. Mshumaa hauwekwi kwenye mti, iwe wa plastiki au wa shamba, hata kama umeme umekatika na watoto wanalia.

Nunua taa za LED. Hesabu ni rahisi. Mnyororo wa balbu ndogo 100 za zamani hula wati 40 hivi. Wa LED wenye taa 100 hula wati 6 hivi. Ukiwasha kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku kwa siku 25, ni saa 100. Za zamani zinakula uniti 4 za Luku, za LED uniti 0.6. Tofauti ya fedha si kubwa sana, nakiri. Kubwa ni joto. Balbu ya zamani iliyogusa jani kavu inaliunguza, LED inabaki na uvuguvugu tu. Kama unaweza kuchagua, chukua zenye adapta inayoshusha umeme hadi volti 24 au 31, maandishi yapo kwenye adapta yenyewe. Zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 zina nyaya nyembamba mno kwa kazi hiyo, na mtoto anazitafuna.

Sasa hii ya plagi. Taa nyingi za bei nafuu huja na plagi ya pini mbili nyembamba, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mmoja wetu anajua kinachofuata: kijiti cha kiberiti, au kalamu, kinasukumwa kwenye tundu la juu ili vizibo vya matundu mawili ya chini vifunguke, kisha plagi inalazimishwa. Vizibo hivyo viliwekwa makusudi ili kidole cha mtoto kisifike kwenye umeme, na pini isiyoshika sawasawa hutoa cheche ndani ya soketi, polepole, kwa wiki nzima, hadi siku utakayonusa plastiki inayoungua. Adapta ya pini tatu yenye fyuzi bei yake ni ndogo kuliko soda za wageni. Nunua mbili.

Taa zisishiriki ekstensheni moja na birika la umeme, pasi au friji. Ekstensheni ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla, na birika peke yake linaweza kuchukua 2,000. Usipitishe waya wa ekstensheni chini ya zulia. Wageni wataukanyaga na hutaona ulipochubuka.

Namna ya kuzitundika:

1. Tandaza mnyororo sakafuni, uuwashe kwa dakika kumi, upitishe vidole urefu wote. Palipochubuka, palipofungwa kwa gundi ya nailoni na yeyote yule, mnyororo huo unatupwa. Usiokoe taa.
2. Zima, chomoa, kisha anza chini, karibu na soketi, ukipanda.
3. Usizungushe nje tu kama kamba ya mwizi. Ingia hadi karibu na shina, toka hadi ncha ya tawi, rudi ndani. Mti utawaka kutoka moyoni.
4. Kwa mti wa futi tano, taa 300 zinatosha. Soma kwenye boksi ni minyororo mingapi inaruhusiwa kuunganishwa; kama hakuna maandishi, usiunganishe zaidi ya miwili.

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huja na kishindo, na adapta za taa hizi ndizo zinazotangulia kufa. Na kabla ya kulala zima kwa kuchomoa.

Za nje zinahitaji neno lao. Desemba pwani mvua za vuli huwa hazijaisha, kwa hiyo taa za getini ziwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani zinahimili maji ya kurukia, na kiungio cha plagi kiwe ndani ya nyumba, si kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba. Usilaze nyaya kwenye ukingo wa mabati. Ukingo huo ni kisu. Ukikata ngozi ya waya wa volti 230, paa zima linaweza kuwa na umeme, na mwenye ngazi ya chuma ndiye atakayegundua.

Saba: mapambo, na habari ya pamba

Baada ya taa, utepe wa kumeta, baada ya utepe, mipira mikubwa ndani karibu na shina, midogo kwenye ncha, nyota mwisho. Vya kuvunjika viwe juu ya kimo cha mtoto. Rangi ni yako, ingawa kwa maoni yangu rangi mbili na dhahabu zinatosha, na mti wenye rangi saba unafanana na duka.

Sasa pamba. Tangu tukiwa wadogo tumekuwa tukinyofoa pamba ya hospitali na kuilaza kwenye matawi iwe theluji. Nyumbani kwetu tulifanya hivyo kila mwaka, huku theluji halisi ikionekana kileleni pale asubuhi za mawingu machache, jambo ambalo halikumchekesha mtu yeyote wakati ule. Mwaka mmoja umeme ulikatika, mtu akaweka mshumaa juu ya redio, karibu. Sikuuona moto ukianza. Niliona tu upande mmoja wa mti umegeuka rangi ya chungwa kuanzia chini hadi juu, kwa muda wa kumaliza kusema "mama". Shangazi aliusukuma nje kwa mguu wa kiti. Tangu siku hiyo najua kwamba pamba ni utambi, na mti uliovishwa pamba ni taa ya koroboi inayosubiri kiberiti. Kama ni lazima pawe na weupe, kata karatasi za vipande vya theluji, au tumia shanga. Ile theluji ya kopo inayopulizwa nayo inasukumwa kwa gesi inayowaka. Ipulize nje, mti ukiwa hauna taa, uache ukauke.

Mapambo ya kutengeneza nyumbani yananipa raha kuliko ya dukani. Mikufu ya karatasi za rangi na uji wa ngano kama gundi. Kadi za miaka iliyopita zilizoanikwa juu ya uzi wa sufi kutoka kona hadi kona, kama nguo. Maganda ya kahawa, mbegu za mvinje na vifuu vidogo vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Vipande vya kitenge vilivyoshonwa mviringo na kujazwa mabaki ya nguo, ambavyo mtoto akiviangusha vinalia "pu" na kazi imeisha. Usitundike peremende kama mnaishi na sisimizi, na huku sote tunaishi nao.

Nane: watoto na betri za kitufe

Kuna pambo dogo linaloimba ukilibonyeza, na taa ndogo zisizo na waya. Ndani yake mna betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koromeo vibaya. Kagua kila pambo: kifuniko cha betri kiwe na skrubu. Kisicho na skrubu kifungwe kwa gundi ya nailoni au kirudi dukani. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali mara moja, usimtapishe, usisubiri aonyeshe dalili. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza anaweza kupewa vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani. Asali haiondoi betri, inapunguza tu ukali wake, kwa hiyo isiwacheleweshe kuondoka.

Weka namba za zimamoto ukutani: 114 Tanzania, Kenya 999 au 112. Pembeni ya mti weka ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto. Maji usiyamwage kwenye mti wenye taa zilizochomekwa.

Tisa: pango na taji la Majilio

Pango, ule mfano wa zizi alimozaliwa Yesu, tunalihusisha na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori lenye ng'ombe na punda hai kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223. La kwako linaweza kuwa boksi la sabuni na udongo wa mfinyanzi. Nyasi kavu za pangoni zisikutane na taa wala mshumaa. Tumia majani mabichi ya mgomba. Na hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24. Watoto wanaosubiri hori lijae huwa hawana haraka ya kufungua zawadi, nimelijaribu.

Taji la Majilio, lile duara la majani, lina mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Jumapili ya tatu. Liweke juu ya sinia ya bati, si juu ya kitambaa, na usiliache peke yake chumbani.

Kumi: mkisafiri

Wachaga wanajulikana kwa hili, ingawa si wao tu: kufika tarehe 20 Dar inaanza kupungua watu, mabasi ya Moshi yamejaa, na sebule nyingi zinabaki na mti uliopambwa usiotazamwa na mtu. Ukijua utasafiri, usikate mti. Weka wa plastiki au tawi tu, na nguvu yako ihamie kwenye mti wa nyumbani kwa wazazi. Kama ulishaukata, utoe kabla ya kufunga mlango, maana siku kumi bila kuongezewa maji ni kuni zilizosimama ndani ya nyumba.

Chomoa kila taa. Swichi peke yake haitoshi. Ukitaka nyumba ionekane ina watu, acha taa moja ya nje ya kawaida yenye kipima saa. Zawadi zisionekane dirishani, na boksi la televisheni mpya usiliweke kando ya getini: likunje, uligeuze ndani nje, ndipo litoke.

Siku ya kuutoa

Vua mapambo kwa kurudi nyuma: nyota, mipira, utepe, taa. Mipira ya kioo inalala vizuri kwenye trei za mayai. Taa zizungushie kipande cha boksi kilichokatwa mfano wa herufi H, plagi ikiwa nje, na mnyororo uliokufa usihifadhiwe kwa matumaini. Mti wa plastiki ufute vumbi nje kwa kitambaa kibichi, uuache ukauke kabisa, la sivyo pwani utaota ukungu na kushika kutu. Usiuweke darini chini ya mabati. Joto la pale linapinda sindano na panya wanajenga humo. Chini ya kitanda, ndani ya gunia lililofungwa, panatosha.

Mti wa shamba ufungie kwenye shuka kuukuu kabla ya kuupitisha sebuleni, majani yabaki humo. Nje ukate vipande. Matawi yanafaa kufunika njia yenye tope. Shina likikauka miezi michache ni kuni, ingawa ukiwa na utomvu bado hulipuka cheche, kwa hiyo si la kuwekwa kwenye mafiga watoto wakiwa wameota moto. Usimpe ng'ombe mwenye mimba majani yake. Baadhi ya misindano (misonobari) na misaipresi hujulikana kuharibu mimba za ng'ombe. Kamwe usiuchome mzima. Msaipresi mkavu unawaka juu kuliko paa.

Na ule wa kwenye chungu, mpeleke nje kivulini kwanza wiki moja, kisha kwenye jua la asubuhi. Pwani usubiri masika, uwe ukimwagilia. Bustanini mchimbie shimo mara mbili ya chungu, mita nane au kumi mbali na msingi wa nyumba, maana araukaria inakua kushinda minazi. Hapo ndipo jembe la siku ya tatu linapohitajika.